Mzabibu Uliochelewa Kufukuliwa

Mwezi wa tatu ulipoingia, Qiuyun alianza na dirisha. Alibandua nailoni iliyozuia upepo miezi yote ya baridi, akaikung'uta, akaikunja, na mwanga ukaingia hadi kwenye kitanda cha udongo alipolala baba mkwe wake, Mzee Qi. Mzee akafumba macho, kisha akayafumbua polepole kama mtoto aliyeamshwa.

"Uwanja mchafu," akasema.

"Ndiyo maana nimeshika ufagio, Baba."

"Ufagio wako unafagia katikati tu. Pembeni unawaachia kuku."

Qiuyun akacheka. Afadhali agombe. Siku asipogomba ndipo alipomtia hofu, maana tangu aanguke bandani wakati wa baridi, upande wake wa kushoto haukumtii tena, na daktari wa mjini alimwambia Baogui, mumewe Qiuyun, maneno ambayo Baogui hakuyarudia yote nyumbani.

Kazi ya uwanja ilikuwa tele. Shimo la kuhifadhia kabichi za baridi lilinuka, za juu zimeoza. Akazitoa akawatupia kuku. Akaondoa majani makavu juu ya tuta la vitunguu majani, akakuta vincha vya zambarau vimeshachomoza, akavifunika tena kidogo kwa kuvionea huruma. Akakaza nguzo zilizolegea za chanja cha kutambazia mzabibu. Kitu kimoja tu alikuwa akikizunguka kila siku bila kukigusa: lile tuta refu katikati ya uwanja, mfano wa mtu aliyelala amejifunika gubigubi. Humo ndimo mzabibu ulimofukiwa.

Mzee Qi aliupanda mwaka aliozaliwa Baogui. Kila mwaka majani yakishapukutika, aliuteremsha kutoka kwenye chanja, akaupogoa, akaulaza mtaroni, akaufunika kwa mabua na udongo. Usipofanya hivyo, baridi ya kwao inaua mpaka mizizi. Na baridi ikiisha aliufukua mwenyewe, kwa siku moja tu aliyoijua yeye: siku mti wa aprikoti wa jirani yao, Shangazi Miao, ulipochanua ukutani. Si kabla.

Mwaka ule alioolewa, Qiuyun alitaka sifa. Baba mkwe alikuwa amekwenda gulioni, naye akachukua sepetu akaanza kufukua, na pigo la tatu likakata tawi nene kuliko yote. Maji yakavuja pale kwenye kidonda siku nne mfululizo. Mzee Qi aliporudi alichutama akalitazama, akasema, "Yuko kwetu miezi minne, keshatuvunja mfupa." Kisha akakitangazia kijiji kizima. Miaka ikapita, Qiuyun akamzaa Douzi, akamzika mama mkwe wake, akaijua kila pembe ya nyumba ile, lakini arusi ikiwapo lazima atokee mtu wa kumwambia, "Mpokonyeni huyo kisu, ana mkono wa sepetu!" Naye hucheka pamoja nao. Tangu siku ile mzee hakumruhusu kuukaribia mzabibu. Alipiga magoti akafukua kwa mikono yake, peke yake.

Safari hii hakuweza. Ndipo alipomwita. "Mama Douzi, mwaka huu utaufukua wewe."

Akamfundisha pale pale kitandani. Sepetu kwa udongo wa juu tu. Ukifika kwenye mabua, vidole. Macho ya mzabibu, pale yanapochipukia majani, ni laini kama fizi za mtoto, usiyaguse. Uache ulale chini siku mbili uzoee hewa, ndipo uunyanyue. Qiuyun alisikiliza kila neno. Alikuwa amengoja miaka tisa kufundishwa.

Likaja joto la ghafla. Watu wakavua makoti, Douzi akashinda nje bila kofia. Mzee akaegemea mto, akatazama dirishani kwa muda mrefu.

"Leo kuna joto. Ufukue."

Qiuyun akachungulia dirishani, kwenye ukuta wa jirani. Aprikoti ilikuwa na vifundo vyekundu, vimefunga kama ngumi. "Bado haijachanua, Baba."

"Nani kakufundisha hayo?"

"Wewe, Baba."

Qiuyun akatoka nje akitabasamu, akamsimulia Shangazi Miao aliyekuwa akianika magodoro upande wa pili wa ukuta.

"Ananijaribu, Shangazi. Anataka nikimbilie kufukua, apate la kusema."

"Mzee huyo!" Shangazi Miao akapiga godoro kwa fimbo. "Miaka tisa umo nyumbani mwake, bado anakutungia mtihani! Usimpe nafasi. Atakwenda kaburini akikusimanga."

Wakacheka wote wawili.

Siku mbili baadaye, Qiuyun akiwa anamwosha miguu, mzee aliomba tena. Safari hii hakuamuru.

"Fukua ncha tu. Kiasi cha mkono. Nitautazama kutoka hapa."

Qiuyun akamfuta vidole kimoja kimoja, akaenda uwanjani. Alipiga magoti penye tuta akaweka kiganja. Udongo wa juu ulikuwa na joto. Akadidimiza kidole, chini kukawa baridi kama chuma. Akaliwaza tawi lile lililovuja siku nne. Akaondoka pale, akarudi ndani.

"Bado kama siku tano tu, Baba. Utauona wote, si ncha."

Mzee akamtazama kwa jicho lake zima. "Haya," akasema. "Umeijua kazi." Kisha akageukia ukutani.

Neno lile lilimfurahisha Qiuyun siku nzima. Alilibeba akichota maji, akalibeba akikanda unga. Kugeuka kwa mzee alikuona, lakini hakukutafutia maana.

Na kweli baridi ikarudi. Asubuhi moja wakaamka uwanja mweupe kwa theluji nyembamba. "Umeona, Baba?" Qiuyun akasema, karibu kuruka kwa furaha. "Tungefukua, macho yangekufa yote." Mzee akacheka kwa upande mmoja wa mdomo.

Kesho yake, jua limepanda, Qiuyun alikuwa akimlisha uji wa mtama. Alimeza vijiko vitatu. Cha nne kilibaki mdomoni.

Siku ya tatu baada ya mazishi, aprikoti ikachanua. Qiuyun aliiona wakati akitoa maji machafu, akaipa mgongo. Lakini mzabibu haungoji mtu amalize kulia, ukikaa chini unaoza. Basi yeye na Baogui, bado wamevaa viatu vyeupe vya msiba, wakapiga magoti kila mmoja upande wake. Walichomoa mabua moja moja. Ukatokea mzima, mweusi, macho yamevimba, na hata moja halikuvunjika.

"Angekusifu," Baogui akasema.

Qiuyun akaacha kazi. "Aliniomba, Baba Douzi. Mara mbili. Mara ya pili aliomba ncha tu, nikamkatalia. Nilidhani ananijaribu." Akajifuta uso kwa mkono wenye udongo. "Ningefukua ncha nikaifunika tena, ingedhuru nini?"

Baogui akapangusa udongo kwenye shina.

"Na mimi aliniomba," akasema. "Siku ile ya theluji, ulipokwenda kulisha kuku. Nikamwambia hiyo ni kazi ya Mama Douzi sasa, mwambie yeye."

"Hukuniambia."

"Nilidhani anatania. Tena akasema, basi, usimsumbue."

Wakabaki wamepiga magoti, shina likiwa kati yao. Ulikuwa umefika wakati wa kuubeba kuutoa mtaroni, ulale kando siku zake mbili, na ni mzito, unataka watu wawili. Hakuna aliyesema tunyanyue.