Fito Mbili Uani

Binti yangu wa pili alichelewa kulia alipozaliwa, na hadi alipotimiza miaka minne alikuwa bado hajasimama. Miguu ilikaza, magoti yakabanana. Mtaalamu wa viungo mjini Mtwara alituambia ni mtindio wa ubongo. Hauponi, lakini mazoezi yatamsaidia. Akanifundisha kumnyoosha taratibu, kisha akamwelekeza mume wangu asimike fito mbili sambamba uani, usawa wa kiuno cha mtoto, ili azishike na kujifunza kusimama. Mume wangu akakata mianzi, akaisimika, halafu akarudi kwenye vibarua vyake bandarini.

Nilibaki kijijini, huku karibu na Kilambo, ua mmoja na mama mkwe. Kila mtoto alipolia, mama mkwe aliacha kumenya mihogo akaja kusimama mlangoni. Namnyoosha mtoto huku nahisi macho yake mgongoni.

"Mungu kamuumba hivyo," aliniambia siku moja. "Unamkunja umkomoe nani?"

"Mama, nimeelekezwa hospitali."

"Hospitali hawamsikii anavyolia."

Hata mimi sikuwa na hakika. Usiku nilikuwa nikipapasa yale magoti na kuyakuta magumu vilevile.

Asubuhi moja nilimsimamisha katikati ya fito, akazishika, nikarudi nyuma kidogo kama nilivyofundishwa. Alikuwa anacheka. Mwanzi ukakatika. Alianguka kwa ubavu, mguu ukabaki chini yake, akatoa ukelele ambao hadi leo sipendi kuukumbuka. Nilipomnyanyua, kifundo kilikuwa kimeanza kuvimba.

Shemeji yangu, kaka wa mume wangu, alifika mbio kutoka shambani.

"Sasa umemvunja," alisema. "Umeridhika?"

Mama mkwe hakunigombeza. Alijifunga khanga, akamchukua mtoto kutoka mikononi mwangu, akaenda barabarani kusubiri gari. Nilimfuata. Tulipanda nyuma ya pikapu iliyobeba magunia ya korosho. Kila gurudumu lilipozama kwenye mchanga mtoto alilia, na bibi yake akamkumbatia akinipa mgongo. Karibu na mjini ndipo aliponisemesha.

"Mguu huu ukiwa umevunjika, mtoto atalala kwangu. Hutamgusa tena."

Hospitali wakampiga picha. Tulikaa kwenye benchi, mimi huku, yeye kule, mtoto katikati amesinzia. Nikawa nasoma dua moja, naikosea, naianza upya.

Mtaalamu alitoka na picha mkononi. "Haujavunjika. Umeteguka. Apumzike mpaka uvimbe uishe, halafu mwendelee."

"Waendelee?" Mama mkwe alisimama. "Kwani atatembea?"

"Bibi, siwezi kukuahidi. Lakini akiachwa alale tu, viungo vitazidi kukaza. Hata kukaa kutamshinda."

Yule mtaalamu akamwita mama mkwe karibu, akauweka mguu wa mtoto usioteguka mikononi mwake. "Sukuma polepole. Ukihisi anakataa, usilazimishe. Subiri hapohapo."

Alisukuma. Akasubiri. Mtoto alifumbua macho, akamtazama bibi yake, hakulia. Nikaona goti linalegea, kidogo sana, na najua naye alilihisi, kwa sababu alivuta pumzi akasahau kuitoa.

Tuliporudi kijijini tulikuta shemeji ameng'oa fito zote, amezitupa nje ya ua.

"Nani kakutuma?" mama mkwe alimuuliza.

"Mama, si wewe uliyekuwa unasema..."

"Nilisema. Sasa nenda mtoni ukate mikoko. Mianzi haifai."

Alikwenda, amenuna, akarudi na fito nzito.

Binti yangu hajatembea bila kushika kitu, mpaka leo. Lakini alisimama, na baadaye akaanza shule kwa magongo mawili, akiwa mkubwa kuliko wenzake wote darasani. Mazoezi ya asubuhi yakawa ya bibi, akimhesabia kwa Kimakonde. Siku za mwanzo mtoto aliendelea kulia, na jirani mmoja akaja mbio kuuliza kuna nini.

"Analia, ndiyo," mama mkwe alimjibu bila kuuachia mguu. "Kaa hapo mkekani, atanyamaza."