Anayetangulia Mbele ya Bibi Harusi

Ipo siku moja naikumbuka kuliko nyingine, mwanangu. Siku hiyo nilitembea kinyumenyume kutoka mlangoni kwa watu mpaka kwenye gari la harusi, na kabla ya hapo nilisimamishwa na bibi mmoja wa Mtama ambaye hakuwa na haraka yoyote. Naona haya hata kuliandika hilo neno "mwanangu", maana hujazaliwa, baba yako simjui, na mimi mwenyewe mtihani wa kidato cha nne bado unaningoja. Lakini nikisubiri mpaka nizeeke nitakuwa nimeshaanza kuipamba hadithi. Bora nikuambie sasa, ningali naisikia aibu yake usoni.

Mjomba Shaweji, kaka yake bibi yako, anapiga video za harusi hapa Lindi. Kazi yake watu wanaipenda, ila ilikuwa na pengo moja ambalo kila mtu alilijua. Mwanamume haingii chumba anachopambiwa bibi harusi, wala hakanyagi uani akina mama wanakocheza. Kwa hiyo ukiitazama video ya mjomba unawaona wanaume wengi wanakula pilau, kisha ghafla bibi harusi keshakaa ndani ya gari. Ametokaje ndani, nani alimshika mkono, nani alilia, hujui. Familia zikaanza kunung'unika. Akina mama ndio wanaotaka video zaidi, na wao hawamo.

Likizo ya mwezi wa sita, nikiwa kidato cha tatu, mjomba akaja kwetu Mitwero akakaa kwenye kigoda na kuniita.

"Zuhura, kuanzia sasa wewe utanipigia upande wa wanawake."

"Mimi siwezi, mjomba. Naona haya."

"Ndiyo maana nakutaka wewe. Kule hutazamwi. Unatazama wewe."

Neno hilo likaniingia, mwanangu. Lazima ujue mama yako alikuwa mtu wa namna gani. Darasani nilikuwa najua jibu nalimeza. Dukani nilimtuma mdogo wangu. Wageni wakija nilikuwa napita nyuma ya nyumba. Na hapa mtu ananiambia kuna kazi ambayo unajificha nyuma ya kioo kidogo cha kamera na watu wanakuacha upite. Nikakubali upesi mpaka mjomba akashangaa.

Akanifundisha kutumia gimbal, kile kishikio chenye mota kinachotuliza kamera ili picha isirukeruke unapotembea. Nilidhani ni kuwasha tu na kuondoka. Kumbe kwanza unaifunga kamera juu yake kikiwa kimezimwa, unaisogeza mbele kidogo, nyuma kidogo, kushoto, kulia, mpaka ukiiachia inabaki pale pale ulipoiacha. Ukiwasha kabla haijakaa sawa, mota zinahangaika na chombo chote kinatetemeka kama mtu mwenye homa. Halafu kuna mwendo wake. Magoti unayalegeza, viwiko unavibana karibu na mbavu, kisigino kinatangulia kushika ardhi kisha vidole. Ukirudi kinyumenyume ni vidole kwanza. Na kwenye mwanga mkali wa nje lazima uugeuze mwili wako kivuli chako kisiingie kwenye picha.

Nilifanya mazoezi kwenye barabara ya vumbi nyuma ya kwetu, na watoto wa jirani wakawa na sikukuu.

"Njooni mwone! Zuhura anatembea kama kinyonga!"

"Anaiba mayai!"

"Dada Zuhura, umebanwa?"

Wacha wacheke. Macho yangu yalikuwa kwenye kioo, na kwenye kioo barabara ilikuwa inateleza kama maji. Sijawahi kufanya kitu kwa mikono yangu kikatoka kizuri namna ile. Usiku nilikuwa nalala mikono inaniuma na nimeridhika kabisa.

Harusi yenyewe ilikuwa Rasbura. Bibi harusi aliitwa Somoe, mcheshi, mikono yote imejaa hina. Mjomba alinipeleka mpaka kwenye pazia la uani akaishia hapo. "Nenda," akasema. "Nitakuwa nje kwenye gari. Kitu kimoja tu nakuomba usikikose: Somoe anapotoka mlangoni na bibi yake. Kinatokea mara moja. Hakirudiwi."

Nikaingia. Tangu asubuhi nilizunguka humo ndani kama kivuli. Nikapiga mikono ya Somoe, nikapiga masufuria, nikapiga shangazi wakicheza ngoma ya vidoko mbele ya spika. Nilimpiga pia bibi yake aliyetoka Mtama, mama mzee aliyekaa kwenye mkeka karibu na mlango, kanga mpya, miwani mikubwa. Nilimzunguka pande zote kwa mwendo wangu wa kinyonga na picha ilikuwa nzuri sana. Sikusema neno. Nilijiambia nitamsalimia nikimaliza, mikono imejaa, nisimsumbue mzee wa watu. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimefurahi kupata sababu.

Saa ya kumtoa bibi harusi ikafika. Honi zikaanza kule barabarani, upande wa bwana harusi hawana subira. Nikatoka kwanza nikasimama uani nikiangalia mlango, magoti nimeyalegeza, viwiko mbavuni. Somoe akatokeza amejifunika, bibi yake amemshika mkono, wanawake nyuma wanapiga vigelegele. Nikaanza kurudi nyuma.

Bibi akasimama kizingitini.

"Subirini," akasema. Vigelegele vikakatika. "Huyu anayetutangulia ni nani?"

"Mpiga video, mama," shangazi mmoja akajibu.

"Sikuuliza kazi yake. Nimeuliza ni nani."

Hakuna aliyejua. Kwenye kioo changu nikaona nyuso zote zimegeuka kuniangalia mimi. Hicho ndicho kitu nilichokikimbia maisha yangu yote.

"Tangu asubuhi yumo humu," bibi akaendelea, sauti ya taratibu kabisa, "ananizunguka na hicho kijiti chake kama ananipima nguo. Shikamoo sijaisikia. Sasa ndiye atakayemtoa mjukuu wangu nyumbani kwao? Anayetangulia mbele ya bibi harusi lazima ajulikane. Mimi simfuati mtu nisiyemjua."

Honi zikalia tena. "Jamani, wanaita!" mtu akasema nyuma.

"Waambieni wapige honi mpaka ichoke."

Mwanangu, nilitamani ardhi inifunike. Nikasema shikamoo, lakini ilitoka kama pumzi, na nilikuwa bado nimejificha nyuma ya kioo.

"Nani kasema? Hicho kijiti?" Wanawake wakacheka. "Mikono yako iko wapi?"

Mikono ilikuwa kwenye gimbal. Nikiizima, mpaka niiwashe tena watakuwa wameshafika kwenye gari, na kile kitu cha mara moja kitakuwa kimepita. Nikiiweka chini kwenye mchanga ikiwa inawaka, mota zitaungua. Na nikibaki vile vile, bibi hatoki. Niliwaza mjomba akiambiwa kwamba harusi imesimama kwa sababu yangu. Niliwaza hatanipa tena kamera, na nikagundua kwamba hilo linaniuma kuliko kutazamwa.

Somoe akafunua mtandio kidogo. "Nipe mimi nikushikie," akanong'ona. "Haraka, kabla shangazi hajaanza kulia, akianza hanyamazi."

Nikamkabidhi. "Usibonyeze chochote," nikamwambia. Nikapiga goti kizingitini, nikauchukua mkono wa bibi kwa mikono yangu miwili, nikaubusu. Ulikuwa mkavu na una harufu ya udi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe mtoto wa nani?"

"Mimi Zuhura, mtoto wa Mwanaisha wa Mitwero. Shaweji ni mjomba wangu."

"Kumbe una watu." Akanitazama juu ya miwani. "Hukunisalimu kwa nini?"

"Naona haya, bibi."

"Haya yako iko ndani yako, mimi siioni. Ninachokiona mimi ni binti anayepita mbele yangu kama anapita mbele ya gogo." Kisha akanivuta sikio, si kwa nguvu. "Haya, Zuhura wa Mwanaisha. Unataka nitembee vipi?"

"Polepole tu, bibi. Ukichoka simama, na mimi nitasimama."

"Naam. Sasa namjua ninayemfuata."

Nikaichukua gimbal kutoka kwa Somoe. Wakatoka. Na hapo likatokea jambo ambalo mjomba hakunifundisha. Nilipoanza kurudi nyuma, mkono wa mtu ukanigusa mgongoni. Ni yule shangazi aliyeniita mpiga video. "Njoo tu, Zuhura. Kuna kamba ya turubai, inua mguu. Sasa kushoto. Kuna jiwe. Vizuri." Asubuhi yote nilijikwaa peke yangu na hakuna aliyenisemesha. Sasa wananiita kwa jina, wananiongoza, mmoja anamfukuza kuku njiani kwa ajili yangu. Bibi akatembea kama malkia. Alisimama katikati ya ua, akamfuta Somoe jasho kwenye paji la uso, akaendelea. Nilivipata vyote, na picha haikuruka hata kidogo.

Siku ya pili mjomba alikuwa anahariri, nami nimekaa pembeni. Akafika sehemu moja akaguna. Picha imeinama, inaonyesha msichana amepiga goti, ushungi umekaa upande, uso umeiva kwa aibu, anambusu mkono mzee. Somoe hakubonyeza chochote, na kamera ilikuwa inaendelea kurekodi.

"Hii nikate?" mjomba akauliza. "Wewe si hupendi kuonekana."

Nilijitazama muda mrefu. Sikuwa mbaya kama nilivyodhani.

"Iache," nikasema. "Bila hiyo watajiuliza kwa nini walichelewa kutoka."

Basi sikia, mwanangu. Kuona haya si kosa, na ukizaliwa nayo usijichukie, umeirithi kwangu. Lakini watu hawawezi kuisoma moyoni mwako. Wanauona ukimya wako tu, na mzee aliyekaa kwenye mkeka ataupa jina la dharau, na atakuwa na haki. Kwa hiyo ukiingia kwenye nyumba ya watu, hata ukiwa na chombo gani mkononi, kiweke, kizime, mpe mtu akushikie, kisha usalimie kwanza mmoja mmoja, utaje na jina lako. Sisemi ni rahisi. Mimi hadi leo moyo hunidunda. Lakini hofu inaisha mara tu wakishakuitikia, na baada ya hapo unafanya kazi yako ukiwa mtu kati ya watu. Na chochote utakachojifunza, jifunze mpaka mikono iume, usijali watoto wa barabarani wanakuita kinyonga.

Mungu akukuze, akupe afya na macho ya kuona vizuri. Akupe mwanga mwema kila utakapotoka nje na kazi yako. Usikose mtu wa kukuitikia marahaba popote utakapopiga hodi, na kila unaporudi nyuma pawe na mkono mgongoni pako. Amina.