Jino la Nyangumi la Apenisa

Apenisa alishuka Suva alfajiri kwa meli ya kutoka kisiwa cha Kadavu, na mpaka saa saba mchana hajafika kwa kakake. Na mtaa wenyewe wa Toorak, juu hadi chini, hauzidi mwendo wa robo saa! Mwanaume mzima, kichwa kimejaa mvi, anazurura na kikapu kwapani kama mtalii. Anakodolea macho nyumba kuukuu za mbao, anasimama nje ya msikiti, anasikiliza Wahindi, Wachina na watu wa Rotuma wakigombezana uani.

Ndani ya kikapu mlikuwa na tabua, jino la nyangumi ambalo kwao hutolewa kuomba radhi, na hata msibani. Alitaka kumpigia magoti kakake huyo, Isikeli, naye alipokee kwa mikono yake. Miaka kumi na minne nyuma, kwenye matanga ya mama yao, Apenisa alimfukuza mbele ya ukoo mzima: "Rudi Suva kwako! Mama kakata roho anakuulizia, hukuja!" Kumbe yeye mwenyewe ndiye aliyetumwa kumpa Isikeli habari za ugonjwa, na hakumpa. Sasa Isikeli yu kitandani hajiwezi, na bintiye, Vasemaca, alikuwa amepiga simu: "Baba mdogo, njoo. Anakungoja."

Basi si aende? Woga. Kila akifika chini ya ngazi za kakake, anakata kona. Alikula roti mbili, chapati za Kihindi, wala njaa hana. Akanyoa ndevu zilizokuwa zimeshanyolewa jana.

"We bwana, mara ya nne hii unapita!" Jayanti, fundi cherehani, alimwita kutoka barazani kwake. "Unanunua kitu au unapima barabara?"

"Naulizia kwa Isikeli."

"Unauliza na nyumba inakutazama! Si hiyo ya bati jekundu?" Fundi akatoa shati jeupe. "Haya, mpelekee. Amekonda mno, kataka nilipunguze. Ana mgeni leo, eti hawezi kumpokea na nguo za kulalia."

Apenisa alilia pale pale, mchana kweupe, bila haya. Kisha akapanda zile ngazi mbio.

Mikeka ilikuwa imeshatandikwa, wanawake wanalia chini chini.

"Ulikuwa wapi, baba mdogo?" Vasemaca alimwuliza, akipokea shati. "Saa nzima sasa tangu atutoke. Asubuhi yote macho yake yako mlangoni."

Mzee msemaji wa ukoo aliliona jino, akajua ni la rambirambi. Kwani mtu huingia nalo msibani kwa jambo gani jingine? Akanyoosha mikono miwili. Apenisa angeweza kusema. Maneno ya kuomba radhi alikuwa ameyakariri safari nzima. Lakini watu wote walimtolea macho, na kinywa chake, Mungu wangu, kikatoa pole ile ile ya kila msiba.

Mzee akalipokea jino, akalibusu.

"Ahsante, ndugu yetu. Wewe ndiye wa kwanza kuja kutupa pole. Marehemu alibahatika kuwa na mdogo kama wewe."