Mtaro Chumbani kwa Mke Wangu

Mpaka leo mtu akisema mbele yangu kwamba Afrika ni joto, damu inanichemka. Joto lipi? Aje alale Tabora mwezi wa saba, chini ya bati, upepo wa kipupwe ukipenya kila tundu la msumari, kisha asubuhi tuzungumze. Mtu wa kwanza kuniambia maneno hayo alikuwa bwana mkubwa wa karakana ya reli, Mwingereza mwenye sweta la sufu, na aliniambia akiwa amesimama pembeni ya kazi ya mikono yangu, akingoja nimalize kuibomoa.

Nilikuwa fundi wa boila, lile tangi la kuchemshia maji ya mvuke wa garimoshi. Ukifanya kazi hiyo muda mrefu unajifunza kuchukia joto linalopotea. Ndani ya garimoshi moshi hauachiwi uende zake hivi hivi. Unapitishwa kwanza kwenye mabomba yaliyozungukwa na maji, unanyang'anywa joto lake, ndipo unaruhusiwa kutoka. Nikirudi nyumbani, kwenye kota za reli, namkuta mke wangu anapika maharage kwenye mafiga, kuni kidogo zinapika maharage na nyingine zote zinapasha joto mawingu. Usiku tunatetemeka. Basi nikaomba bomba bovu kwa mtunza stoo, akanipa, nikalipitisha kutoka jikoni, chini ya ukuta, chini ya kitanda chetu, likatokea nje upande wa pili. Moto ule ule wa maharage ukatulaza na joto mpaka alfajiri. Majirani walikuja kushika sakafu kwa viganja, wakacheka kwa furaha.

Bwana mkubwa hakucheka. Alisema nyumba za Waafrika hazihitaji kupashwa joto kwa sababu Afrika ni joto, na kwamba nimechezea mali ya reli. Nyumba yake yeye ilikuwa na dohani ya matofali iliyotoa moshi kila jioni ya kipupwe, na mtu maalumu wa kumpasulia kuni. Sasa niambie, baridi ilikuwa inachagua milango? Nikaling'oa bomba, nikalibeba begani mpaka stoo, na majirani wakarudi kwenye blanketi zao.

Lakini wazo sikulirudisha stoo. Nilikaa nalo miaka yote ya kazi, nikalijenga na kulibomoa kichwani huku nikigonga mabomba ya watu wengine. Nilipostaafu, Mwingereza akiwa bado yupo ingawa habari za uhuru zilishaanza kusemwa waziwazi, tulihamia Tura, kwenye shamba la ndugu zangu karibu na stesheni. Nikajenga nyumba ya udongo, nikaiezeka bati, maana nilikuwa nimejiapiza kwamba mvua haitanivujia tena uzeeni. Watoto walikuwa wameshatawanyika. Tukabaki wawili, mimi na mke wangu.

Hapo ndipo baridi ikamshika mwenzangu. Ikifika kipupwe vidole vyake vilikakamaa hata kushika mwiko wa ugali ikawa taabu. Kifua nacho kikaharibika. Aliwasha moto karibu na kitanda kama alivyolelewa kwao, lakini nyumba ya bati si ya nyasi. Kwenye nyasi moshi unapata njia, kwenye bati unajaa mpaka kitandani. Alikohoa usiku kucha, akahamia chumba kidogo ili nisikose usingizi. Tukamwona dresa wa zahanati. Akamsikiliza kifua, akanawa mikono, akasema, "Mama akae mahali pa joto, ila asikae kwenye moshi." Alisema hivyo bila aibu, kama vile kuna duka mjini linalouza moto usiokuwa na moshi. Nilitoka pale nimevimba kwa hasira. Njiani nikasimama, nikajisemea, huyu bwana mdogo amenieleza boila.

Safari hii sikuhitaji bomba la mtu. Nilikuwa na udongo wa kichuguu, ambao ukiukanda vizuri haupasuki kwa moto, na mawe bapa yalikuwa tele nyuma ya shamba. Hesabu yangu ilikuwa hivi: moto uwake nje ya ukuta, kwenye kitanuri kidogo; moshi upite kwenye mtaro chini ya sakafu, uzunguke, utokee kwenye dohani upande wa pili; juu ya mtaro nipange mawe, juu ya mawe nifinyange kitanda cha udongo. Vijiti vitatu vinne jioni, kitanda kinakaa na joto usiku kucha, na ndani ya chumba hakuna moshi wa kumwasha hata inzi. Mke wangu alipokwenda Tabora kwa treni kutafuta dawa ya kifua, nikaona ndiyo nafasi. Nilitaka akirudi akute kitanda kinamngoja.

Akarudi mapema kuliko nilivyotegemea. Wakati huo nilikuwa nimechimba tu, sijajenga. Shimo lilikuwa katikati ya chumba chake, lina urefu wa mtu aliyelala, maana atakayelala pale ni mtu, sasa nilitakiwa kuchimba urefu wa mbuzi? Udongo mwekundu nimeurundika pembeni, mimi nimo ndani nasawazisha kingo kwa jembe. Mlangoni akasimama mke wangu, na nyuma yake jirani yetu aliyempokea stesheni akiwa na kikapu chake kichwani. Jirani akaona shimo, akamwona mgonjwa, akashika mdomo.

"Mzee," akasema, "mtu hajafa!"

"Nani kafa?" nikamwuliza. "Hiki ni kitanda."

"Kitanda!" Akaweka kikapu chini, akatoka mbio, na ninaamini hakupumua mpaka alipofika kisimani ambako wanawake wenzake walikuwepo.

Mke wangu akaingia. Aliokota kanga yake iliyokuwa imeangukiwa na udongo, akaikung'uta, akaenda kulala jikoni.

Kesho yake wakaanza kuja. Wanaingia kwa kunyata, wanawake wamebeba unga, wanaume wamevua kofia, wanakaa mkekani na kunitazama kama muuaji. Mwalimu wa dini akaja kuuliza kama mgonjwa ameshaungama. Mgonjwa mwenyewe ndiye aliyekuwa anawapikia uji! Nikawaeleza habari za moshi, mtaro, kitanuri, dohani. Wakaitikia kwa adabu, kisha mmoja akasema taratibu kwamba kumchimbia mtu shimo ndani ya nyumba akiwa hai ni uchuro, liwe la kitanda au la nini. Nikawafukuza. Ndiyo, niliwafukuza watu walioleta unga, na unga wao nikawarudishia. Mtu anayekuja kuomboleza kabla ya msiba anastahili nini, kiti?

Uvumi ukapanda treni bila tiketi. Ulifika Tabora, ukadandia lori la Nzega, ukateremka Lusu, kwao na mke wangu. Shemeji yangu, kaka yake mkubwa, ni mtu wa utani kupita kiasi. Tukikutana huwa ananiita mtumwa wake na kunidai kuku. Siku aliyofika Tura utani wote aliuacha kwake. Aliingia moja kwa moja mpaka chumbani, akatazama shimo, akatoka.

"Shemeji, dada yangu nimemfuata."

"Huyu ni mgonjwa, shemeji. Kwenu atalala wapi? Kwenye moshi?"

"Kwetu atalala juu ya ardhi. Wewe unataka alale chini yake."

Nikamtazama mke wangu. Nilijua atacheka, atamwambia kaka yake aache upuuzi, maana hakuna binadamu duniani aliyejua mikono yangu kuliko yeye. Alikuwa anafunga mzigo wake. Wakaondoka na treni ya jioni, na mimi nikabaki mlangoni na matope mikononi. Sijawahi kuonewa vile, hata na Mwingereza.

Nikakimaliza kitanda kwa hasira. Nilijenga usiku na mchana, sikupokea salamu ya mtu. Kilipokauka nikawasha vijiti vichache kwenye kitanuri, moshi ukapita ulikoambiwa upite, ukatokea kwenye dohani kwa heshima zake. Nikalala juu yake mwenyewe, nikapata usingizi mtamu sana, na jambo hilo likaniudhi kuliko yote.

Kabla kipupwe hakijaisha mpanda baiskeli mmoja akaniletea habari kutoka stesheni: kikohozi cha mama kimezidi, hali chakula. Nikachukua jembe na mwiko wa kujengea, nikapanda treni mpaka Tabora, lori mpaka Nzega, na kutoka pale nikatembea mpaka Lusu. Njia nzima nilikuwa napanga maneno nitakayomwambia shemeji. Nilikuwa na maneno mengi mazuri.

Nilimkuta ndani, karibu na gogo bichi linalofuka, kanga kichwani, amekonda mpaka mifupa ya mabega inaonekana. Moshi ulikuwa mzito hata macho yangu yakatoka machozi kabla sijaketi. Shemeji akanisalimu Kinyamwezi, "Mwangaluka," nikaitikia, na salamu zikaishia hapo.

"Hii ndiyo dawa mliyomletea?" nikasema. "Mnamkausha kama samaki! Kule kwangu kuna kitanda cha moto kisicho na moshi, kimekaa bure. Nyie na uchuro wenu mtamwua mke wangu. Sasa nachimba hapa hapa, leo."

"Ndani ya nyumba yangu hakuna atakayechimba," shemeji akasema, akasimama kati yangu na jembe nililoliegemeza ukutani. "Atabaki hivi hivi, na wewe utarudi Tura."

Tukaanza kupandishiana sauti. Mimi namwambia dada yake anahitaji joto, yeye ananiambia dada yake anaogopa. Mimi nasema haogopi, yeye anasema anaogopa, mke wangu yuko miguuni petu anakohoa. Kisha akakohoa kwa namna iliyotunyamazisha.

"Mimi sikuogopa shimo," akasema akinitazama mimi. "Najua bomba lako la kota, nililala juu yake nikiwa bado kijana. Niliondoka kwa sababu nilirudi kwangu nikakuta chumba changu kimechimbwa na hakuna aliyeniuliza. Wale mabwana wa reli walikuwa wanakupangia hivyo hivyo, ukija nyumbani unalia nao usiku kucha. Ungeniuliza, ningekwambia kichwa nalaza upande wa mlango. Moto wako umeuweka wapi?"

Moto wangu nilikuwa nimeuweka upande wa mlango, mahali ambapo kitanda kinachemka kuliko kwingine kote. Nikafungua mdomo nijitetee. Nilikuwa na sababu, upepo wa Tura unatoka upande ule, kitanuri kinahitaji upepo, na sababu hiyo ilikuwa ya kweli. Hasira yangu nayo ilikuwa bado ipo, nzima kabisa, ila sikuona tena mahali pa kuiweka.

Shemeji akapata nguvu. "Umesikia? Dada hataki."

"Na wewe," akamgeukia kaka yake, "lini umeniuliza nataka nini? Ulikuja ukafunga safari, ukanibeba kama mzigo wa mihogo."

Akashika ukuta, akainuka. Nilitaka kumshika mkono, akanipita. Shemeji akataka kumkalisha, akamsukuma kando. Akalichukua jembe langu pale lilipoegemea, akasimama katikati ya chumba, akapima kwa macho kutoka mlangoni mpaka ukutani, akachora mstari kwa kisigino mahali anapotaka kichwa chake.

"Kama ni kaburi nitalichimba mwenyewe," akasema. "Nyie wawili mmeshanizika zamani kwa kunisemea."

Akainua jembe.