Mafiga ya Waya

Mke wangu alikufa kijijini Wamaza asubuhi moja ya masika, muda mfupi baada ya kumzaa binti yetu. Damu ilikataa kukatika. Muuguzi wa zahanati alikuja kwa miguu kutoka kijiji cha pili, akafanya aliyoweza, kisha akatoka nje, akanawa mikono kwa maji yaliyokuwa yakichuruzika kwenye paa. Alinitazama. Nilielewa.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya misioni, kijana bado. Mwaka uliotangulia nilimleta mke wangu pale kutoka Kasongo akiwa ameketi nyuma ya baiskeli yangu, amepakata sufuria zetu kwenye mapaja, na kila tulipopita shimo zililia naye akacheka.

Tulimzika siku ile ile nyuma ya shule. Mtoto alipokelewa na mwanamke mmoja aliyekuwa akinyonyesha wa kwake. Lakini haukupita muda mrefu mume wa yule mwanamke akaja kusimama mlangoni kwangu, kofia mkononi. Hakuwa mtu mbaya.

"Mwalimu," alisema, "mutoto wangu anakonda. Maziwa ya mama yake haitoshe kwa wawili."

Nilimshukuru kwa yale aliyokwisha kutufanyia, nikaenda kumchukua binti yangu.

Dada wa mke wangu alikuwa Kasongo, nyumbani kwa mama yao, naye alikuwa na mtoto mchanga. Huko ndiko ilipasa tufike. Ila mvua ilikuwa imechukua daraja, na malori ya pamba hayakupita tena. Ilibaki kwenda kwa miguu, tena polepole, na katika safari hiyo mtoto angekula nini? Padri alinipa ruhusa ya kuondoka, pamoja na kopo la maziwa ya unga. Muuguzi naye, nilipomfuata zahanatini, akanionya kwamba maji lazima yachemke kwanza, kila mara, la sivyo mtoto ataharisha na kunifia mikononi.

"Kuni zimelowa njia nzima," nilimwambia. "Nitachemsha na nini?"

Alifikiri kidogo, akaingia ndani, akarudi na chupa ya alkoli, ile anayosafishia ngozi kabla ya kupiga sindano, pamoja na kopo bapa la sigara. Kopo lilikuwa limeshindiliwa pamba, na kifuniko kimetobolewa matundu kwa msumari.

"Hili ni jiko langu la safari, la kuchemshia sindano," alisema. "Chukua. Lakini mafiga yake yalianguka mtoni. Itabidi utengeneze mengine."

Jiko lenyewe lingeweza kujificha kiganjani. Nililiweka barazani kwangu, nikalimiminia alkoli kidogo, nikawasha. Nilianza kwa mawe matatu, kama kila mtu anavyojua. Mawe makubwa yaliiinua sufuria juu mno moto usiifikie. Madogo hayakuwa sawa, sufuria ikainama na kumwaga maji, na kwa kuwa yalikuwa yamelowa yalikunywa joto lote. Nikaiweka sufuria juu ya kopo lenyewe. Moto ukakosa hewa, ukafa.

Baiskeli yangu ilikuwa imelala ukutani tangu mvua za kwanza, gurudumu la nyuma limepinda kabisa. Nikaanza kung'oa vile vyuma vyembamba vya gurudumu. Cha kwanza kilikatika nilipokikunja kikiwa baridi. Vingine nikavitia kwenye makaa ya jirani mpaka vikawa vyekundu, ndipo vikakubali. Nilikunja vitatu, kila kimoja kwa umbo la mlango, miguu miwili na kizingiti juu. Kisha nikafunga kila mguu kwenye mguu wa mwenzake kwa waya laini, bila kukaza sana, ili vikifunguliwa visimame pembetatu kulizunguka kopo, na vikikunjwa vilale na kuingia ndani ya sufuria.

Wafiwa wenzangu walikuwa wamekaa kwenye mikeka, nami nilikuwa nikigonga chuma. Nilijua wananitazama. Lakini wakati ule chuma kilipokuwa mkononi sikukiona kitanda, wala ule ukuta alioushika mke wangu akijifungua, na hiyo ilitosha kunifanya niendelee.

Jirani yetu, mjane wa kabila la Wabangubangu aliyempenda mke wangu kama binti yake, alikuja akachuchumaa karibu yangu.

"Mwalimu, watu wanasema haulie."

"Nitalia Kasongo, Mama."

Alinyoosha mkono, akanishikia miguu ya chuma iliyokuwa ikiteleza, nami nikafunga waya. Tulipomaliza akasema, "Tutaenda wote. Mwanaume peke yake na mutoto muchanga, hapana."

Mafiga yale ya kwanza yalikuwa marefu. Moto uliilamba sufuria kwa ncha tu, na alkoli ikaisha maji yakiwa ya uvuguvugu. Nikaazima tupa, nikaikata miguu, nikajaribu tena, nikakata tena. Mwisho ikabaki nafasi ya vidole vitatu kati ya kopo na sufuria. Nililizungushia kipande cha bati la kopo la samaki kuzuia upepo, nikakaa kungoja. Maji yakaanza kunong'ona, halafu yakachemka kweli, sufuria ikitetemeka juu ya vile vyuma bila kuanguka.

Nikageuka mlangoni nimwite mke wangu aje aone. Nilikwisha kufungua kinywa. Mjane aliona, akainamisha uso, akajifanya anafuta kijiko.

Tuliondoka mvua ilipopumzika. Mjane alimbeba mtoto kifuani, chini ya kitambaa, nami nikabeba vitu. Kila mtoto alipolia tulitafuta mahali pa kujikinga mvua, nikafungua mafiga na kuwasha. Moto wa alkoli hauonekani mchana. Mara moja mjane alidhani umezimika, akapeleka mkono kuligusa jiko. Niliona uso wake ukikaza, midomo ikijifunga, lakini hakutoa sauti, kwa sababu mtoto alikuwa amelala. Baadaye ndipo nilipoona malengelenge kwenye vidole vyake.

"Ungeniambia, Mama."

"Ningekuambia, ungefanya nini? Koroga maziwa."

Tulimlisha kwa kijiko, tone kwa tone. Siku za kwanza alimeza vizuri. Tulipovuka mto kwa mtumbwi, pale daraja lilipokuwa, alikuwa amechoka hata hawezi kulia. Kwenye nyumba ya serikali wanamolala Wazungu wa safari, mlinzi alitoka na fimbo kutuambia pale si petu. Mjane akafunua kitambaa. Mlinzi alitazama, akaiegemeza fimbo ukutani, akatuonyesha pembe ya baraza pasipovuja. Alikaa nasi mpaka maji yakachemka. "Mama yake iko wapi?" aliuliza, halafu akaziona sura zetu, akaomba msamaha.

Kasongo tuliingia watu wakitoka sokoni. Mama mkwe wangu, aliyekuwa akiuza mafuta ya mawese, alikuwa amekwisha kurudi nyumbani na alikuwa akipanga chupa zake tupu uani. Aliniona, akatabasamu. Akamwona mwanamke asiyemjua na kitoto kifuani. Macho yake yakanipita, yakatafuta njiani nyuma yetu.

"Mwenzako iko nyuma?"

Niliutua mzigo chini.

Akamgeukia mjane. "Na wewe, mama, ni nani?"

"Mimi ndiye nilimuosha," mjane alijibu taratibu.

Mama mkwe aliiweka chupa chini, akaisimamisha vizuri isianguke, kisha akaketi kwenye udongo pale pale. Dada wa mke wangu alitoka ndani, akaelewa kabla ya kuambiwa. Alimchukua mtoto, akaingia naye chumbani. Tulibaki uani tukisikiliza. Halafu tukasikia mtoto akinyonya, kwa kelele, kama mtu aliyekimbia mbali. Hapo nililia. Nililia mpaka majirani wakaja kunishika.

Usiku haujaingia, mama mkwe aliniuliza, "Mulimulaza wapi?"

"Nyuma ya shule, Mama."

"Kivuli iko?"

"Iko."

Hakuuliza tena, siku ile wala baadaye.

Likizo yangu ilipokwisha nilirudi Wamaza pamoja na mjane. Jiko na mafiga nilimrudishia muuguzi, naye akayatumia katika safari zake. Binti yangu alibaki. Aliishi, akanenepa, akamwita dada wa mke wangu Mama, na mimi akaniita Baba Mwalimu, kama watoto wengine wa ua ule. Sikumlaumu mtu. Nilikuja kila likizo na kitambaa au sabuni, akanisalimu kwa adabu na kukimbilia kwa wenzake. Halafu misioni ikanihamishia Lusangi, na miaka ikapita bila mimi kufika Wamaza. Nilisikia tu kwamba mjane amefariki.

Alipofika umri wa kuelewa, binti yangu aliniomba mwenyewe nimpeleke kwenye kaburi la mama yake. Huko Wamaza tulikuta shule imejengwa upya kwa matofali, upande wa pili wa barabara. Mahali pa zamani palikuwa shamba la pamba. Msalaba ulikuwa wa mti, na mchwa hawakuacha kitu. Nilihesabu hatua kutoka pale nilipodhani mlango ulikuwa, nikahesabu upya kutoka kwenye kisiki, nikamuuliza mwenye shamba, ambaye alikuwa mgeni. Kila mara nilifika mahali tofauti. Binti yangu alinifuata kati ya mistari ya pamba, nguo yake ikinaswa.

Mwisho akanishika mkono. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza.

"Tuache, Baba," alisema. "Yeye iko hapa, fasi moja ya shamba hii."

Tulisimama pale kidogo, kisha tukarudi barabarani kungoja lori.