Taya Bichi la Papa

Pale makumbusho walimwita Mama Pamba, maana kazi yake ilikuwa kujaza pamba ngozi za wanyama na kuwatia macho ya kioo. Aliyempenda zaidi ni mnyama mmoja mfano wa mbwa, mwenye milia mgongoni, aliyekuwa akibeba watoto mfukoni mwa tumbo. Sasa hayupo tena duniani. Wafugaji walimshuku kwamba anawamalizia kondoo, wakamwinda mpaka akaisha.

Siku moja mkuu wa makumbusho alileta taya la papa wa kijivu, akataka litundikwe kando ya mnyama huyo.

"Papa hawa si bado wapo?" Mama Pamba aliuliza.

"Wamebaki wachache. Nataka watu walinganishe. Huyu naye anasingiziwa kula watu, kumbe hana habari nao."

Mama Pamba alilinusa taya. Lilikuwa bichi, nyama bado imeshika kwenye fizi.

"Limetoka wapi?"

"Kuna mtu kalileta," mkuu alijibu, macho kwenye simu.

Jibu hilo halikumwingia Mama Pamba. Kaka yake alikuwa mvuvi, na siku hizo wimbo wake ulikuwa mmoja: papa wananichania nyavu. Jioni alipokuja kula, Mama Pamba aliona amefunga kiganja kitambaa.

"Umeumia na nini?"

"Kisu kiliteleza."

"Ulikuwa unakata nini?"

Kaka aliweka kijiko chini. "Mbona unanihoji kama askari?"

"Yule papa umemuua wewe?"

"Nimemkuta wavuni, amekufa. Halafu kamuulize mkuu wako, ndiye aliyeniambia nikimpata nimpelekee."

Akaondoka bila kumaliza chakula.

Kesho yake, Mama Pamba alipolisafisha taya, alikuta kipande cha uzi wa wavu kati ya meno. Kuhusu wavu kaka alisema kweli. Lakini upande wa juu palikuwa na ufa, kama wa kupigwa na kitu kizito, na papa aliyekwisha kufa hapigwi. Akampelekea mkuu taya, akamwonyesha ule ufa.

"Mimi nilimaanisha aliyekufa mwenyewe," mkuu alisema.

"Ulimwambia hivyo?"

"Nilidhani ataelewa."

Mama Pamba alilitundika taya kando ya yule wa milia. Nyufa zote huwa anaziziba kwa gundi na rangi. Ule aliuacha wazi, na mkuu hakuthubutu kuuliza. Kaka alirudi kula baada ya muda, wakaongea kama zamani. Ila kila akija, dada mtu humtazama mikono kwanza.