Watoto wa Mwethya

Nzilani ni mke wa marehemu mwanangu Muia. Anauza minji, hizi njegere, na mimi hapa mjini Gatina, mbele ya ploti ya Wainaina. Wapangaji wanadhani ni bubu. Si bubu. Alikuwa na mdomo, na alikuwa na shamba, huko kwetu Yatta, kando ya mfereji.

Alikuwa anapanda mishiri, yale maharagwe membamba ya kwenda ng'ambo. Mishiri haingoji mtu. Ikikaa kidogo inanenepa, na kampuni haitaki iliyonenepa. Kwa hivyo kwetu tunaita mwethya. Majirani wanakuja kukuvunia, kesho wewe unawavunia wao. Hakuna malipo, ni chakula tu. Na mama akija anakuja na watoto wake. Awaache na nani?

Jumamosi hiyo nilikuwa nimeenda nyumbani, nimeketi kivulini nachagua mishiri. Akaja kijana wa kampuni kukagua, shati limeingia suruali. Akaona watoto wanavuna na mama zao.

"Mama, hawa ni watoto wako?"

Nzilani akasimama wima.

"Wangu? Wangu yuko tuition, kijana. Mutanu wangu hashiki shamba. Hawa ni wa majirani."

"Mwambie, mama wa daktari!" jirani yake Magdaline akasema, na wanawake wakacheka.

Kijana hakucheka. Akasema wanunuzi wana sheria. Mtoto wako akitoka shule anaweza kukusaidia kazi ndogo. Mtoto wa mtu mwingine, huyo umemwandika kazi.

"Nimemwandika na nini? Muulize kama nimemlipa hata peremende."

"Hujamlipa? Hiyo ni mbaya zaidi."

Magdaline akamwambia polepole, kwa Kikamba, aseme wote ni wake. Hakusema. Alikuwa ameshatamka mbele ya mwethya nzima, angemeza vipi? Hata mimi nisingemeza.

Kampuni haikununua tena kwake. Mishiri ikanenepa, tukala tukachoka, tukapea mbuzi. Wale majirani wengine wakaogopa kufutwa na kampuni pia, wakakataza watoto kutoka nje siku za kuvuna, na wao wenyewe wakaacha kuja. Hakuna aliyegombana na mwingine. Mwethya iliisha tu.

Sisemi sheria ni mbaya. Nimeona watoto wanagonga kokoto huko machimboni na shule hawaijui. Lakini hawa walikuwa wanakula githeri na kutupiana mishiri.

Nzilani akakodisha shamba kwa mtu wa nyanya, akaja kwangu na Mutanu. Hakulia. Ningejua, tunalala chumba kimoja.

Mvua ilipoanza nilimuuliza kama atarudi kupanda, maana mtu wa nyanya amemaliza muda wake. Akaendelea kutoa minji kwa maganda. Nikauliza tena. Mimi kitu sikiachi hivihivi.

"Mama," akasema, "nitavuna na nani?"

Mteja akaja akataka kikombe kimoja. Nikampimia.